Mabadiliko ya redio nchini Uingereza mwaka 1967

Mabadiliko ya redio nchini Uingereza mwaka 1967 yalikuwa mfululizo wa hatua za serikali na za shirika la utangazaji la BBC zilizogeuza karibu kila kitu ambacho Mwingereza alikisikia alipofungua redio yake. Katikati ya Agosti sheria mpya ilinyamazisha vituo vilivyorusha muziki bila leseni kutoka kwenye meli na ngome za baharini, vilivyojulikana kama "redio za maharamia". Tarehe 30 Septemba BBC ilizipanga upya idhaa zake za taifa kwa majina yanayotumika hadi leo: Radio 1, Radio 2, Radio 3 na Radio 4. Novemba ikafungua vituo vyake vya kwanza vya kuhudumia mji mmoja mmoja, kuanzia Leicester.

Mara nyingi hatua hizo tatu huelezwa kila moja peke yake. Kwa kweli zilikuwa mpango mmoja, uliotangazwa na serikali katika waraka wa Desemba 1966. Serikali haikuweza kuzima redio zilizopendwa na mamilioni ya vijana bila kuwapa kitu badala yake, na kitu hicho kilifanana sana na kile kilichozimwa.

Hali kabla ya 1967

BBC ilianza kama kampuni mwaka 1922 na kugeuzwa kuwa shirika la umma kwa hati ya kifalme mwaka 1927. Tangu hapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kutangaza kwa redio kutoka ardhi ya Uingereza. Televisheni ya biashara ilianza mwaka 1955, lakini redio ilibaki ya BBC peke yake, bila matangazo ya biashara, ikigharimiwa na ada ya leseni iliyolipwa na kila kaya yenye redio. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua hali hiyo. Tanzania na Kenya nazo zilisikiliza redio ya taifa peke yake kwa muda mrefu baada ya uhuru, na vituo vya binafsi vilikuja katika miaka ya 1990.

Baada ya Vita Kuu ya Pili BBC ilikuwa na idhaa tatu za nyumbani. Home Service ilitoa habari, tamthilia na mazungumzo. Light Programme burudani na muziki mwepesi. Third Programme, iliyoanza 1946, muziki wa klasiki na mijadala ya wasomi. Mpango huo ulifaa kwa miaka ya 1940. Kufikia 1960 kijana wa Uingereza alikuwa na redio ndogo ya transista aliyoweza kuibeba mfukoni, alikuwa na fedha za kununua santuri, na muziki aliotaka ulisikika kwenye Light Programme kwa saa chache tu katika juma.

Sababu moja ilikuwa ladha ya wakubwa wa BBC. Sababu nyingine, ambayo husahaulika, ilikuwa mkataba. Makampuni ya santuri na chama cha wanamuziki yalikuwa yameibana BBC kwa kile kilichoitwa "muda wa sindano", yaani idadi ya saa ambazo sindano ya gramafoni iliruhusiwa kugusa santuri hewani. Wanamuziki waliogopa kwamba redio ikipiga santuri kutwa nzima, wapigaji wa ala watakosa kazi. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi: BBC iliajiri okestra kadhaa, na wimbo uliovuma mara nyingi ulipigwa upya studioni na okestra hizo badala ya kuwekwa santuri yenyewe. Kijana aliyetaka kumsikia mwimbaji wake alipewa mtu mwingine akiuimba wimbo uleule.

Usiku kulikuwa na Radio Luxembourg, iliyotangaza kwa Kiingereza kutoka bara la Ulaya tangu 1933. Sauti yake ilipanda na kushuka kwa sababu mawimbi ya kati husafiri mbali gizani kwa kurudishwa na tabaka za juu za anga. Isitoshe, makampuni ya santuri yalinunua muda wake na kupiga nyimbo zao wenyewe.

Meli na ngome

Wazo la kutangaza kutoka baharini halikutoka Uingereza. Radio Mercur ilianza nje ya pwani ya Denmark mwaka 1958, na Radio Veronica nje ya Uholanzi mwaka 1960. Mamlaka ya Uingereza wakati huo iliishia maili tatu za baharini kutoka pwani. Meli iliyotia nanga nje ya mpaka huo, ikipeperusha bendera ya nchi kama Panama au Honduras, ilikuwa kwenye bahari kuu, na sheria ya leseni za redio haikuifikia. Jiografia nayo ilisaidia, kwa maana mawimbi ya kati husafiri vizuri zaidi juu ya maji ya chumvi kuliko juu ya nchi kavu.

Mwairishi Ronan O'Rahilly alinunua feri ya zamani ya Denmark iliyoitwa Fredericia, akaifunga mitambo katika bandari ya Greenore nchini Ireland iliyomilikiwa na familia yake, na tarehe 28 Machi 1964, Jumamosi ya Pasaka, Radio Caroline ikaanza kutangaza nje ya pwani ya mashariki ya Uingereza. Miezi michache baadaye iliungana na mshindani wake Radio Atlanta. Fredericia ikahamia karibu na Kisiwa cha Man kuhudumia kaskazini, na meli ya Atlanta, Mi Amigo, ikabaki kusini.

Desemba 1964 ilikuja Radio London kwenye meli Galaxy, iliyokuwa meli ya kufagia mabomu ya jeshi la majini la Marekani. Waliotoa mtaji walikuwa Wamarekani wa Texas, na walileta mtindo wa redio za kwao: orodha ya nyimbo zinazovuma zilizorudiwa kwa mzunguko, habari fupi, na vibwagizo vya kuimbwa vilivyotaja jina la kituo kila baada ya dakika chache. Mtangazaji hakusoma karatasi. Alizungumza kama rafiki wa msikilizaji. Kenny Everett, John Peel na Tony Blackburn wote walipitia meli hiyo.

Wengine walipanda kwenye ngome za chuma na zege zilizojengwa wakati wa vita ili kulinda mdomo wa mto Thames dhidi ya ndege za Ujerumani. Jeshi lilikuwa limeziacha. Radio City ilikaa kwenye ngome za Shivering Sands na Radio 390 kwenye Red Sands. Hii ya pili ilipiga muziki mtulivu na kusikilizwa sana na akina mama wa nyumbani, jambo linaloonyesha kwamba wasikilizaji wa maharamia hawakuwa vijana peke yao.

Maisha ya baharini hayakuwa ya starehe kama yanavyosimuliwa. Januari 1966 dhoruba iliikata Mi Amigo kutoka kwenye nanga na kuitupa ufukoni Essex, na waliokuwemo wakaokolewa kwa kamba. Wala uhuru wa muziki haukuwa kamili. Philip Solomon alipoingia katika uongozi wa Caroline mwaka 1966, santuri za kampuni yake mwenyewe, Major Minor, zilipigwa mara kwa mara, zikivuma au zisivume.

Sheria ya Agosti

Serikali ya chama cha Labour chini ya Harold Wilson ilikuwa na hoja kadhaa. Masafa ya mawimbi ya kati barani Ulaya yaligawanywa kwa makubaliano ya Copenhagen ya mwaka 1948, na meli ziliyatumia bila kuuliza. Nchi nyingine zililalamika kwamba vituo vyao viliingiliwa. Makampuni ya santuri yalitaka malipo. Januari 1965 nchi za Baraza la Ulaya zilitia saini mjini Strasbourg mkataba wa kuzuia matangazo kutoka nje ya maeneo ya nchi, na Uingereza ilikuwa miongoni mwao. Hata hivyo wingi wa viti vya Labour bungeni ulikuwa mdogo sana hadi uchaguzi wa Machi 1966, na hakuna waziri aliyekuwa na haraka ya kuwaudhi vijana na wazazi wao.

Kilichoharakisha mambo kilikuwa kifo. Juni 1966 kundi la watu liliivamia usiku ngome ya Radio City na kuizima, kutokana na mgogoro wa kibiashara juu ya mtambo wa kurushia matangazo. Mwenye kituo, Reginald Calvert, alikwenda nyumbani kwa Oliver Smedley, mfanyabiashara aliyewatuma wavamizi, na huko akapigwa risasi na kufa. Mahakama ilimwachia huru Smedley kwa kukubali kwamba alijitetea. Lakini nchi ilikuwa imeona kwamba mahali pasipo na sheria, mtu aliyeporwa mali yake hana polisi wa kumwita. Mwezi uliofuata muswada ulipelekwa bungeni.

Sheria ya Makosa ya Utangazaji wa Baharini iliidhinishwa tarehe 14 Julai 1967 na kuanza kutumika saa 6 usiku wa kuamkia 15 Agosti. Werevu wake ulikuwa kwamba haikujaribu kuzikamata meli, kwa kuwa zilikuwa kwenye bahari kuu na chini ya bendera za wengine. Badala yake ilifanya kuwa kosa kwa raia wa Uingereza kutangaza kutoka kwenye meli hizo, kuzipelekea chakula, mafuta au maji, kuzikarabati, kusafirisha watu kwenda kwake, au kutangaza bidhaa kupitia kwake. Adhabu ilifika hadi kifungo cha miaka miwili. Hivyo kituo kilikatiwa fedha za matangazo na chakula kwa siku moja. Ngome zilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu tangu 1966 mahakama zilikwisha kuamua kwamba baadhi yake zilikuwa ndani ya maji ya nchi, na wenyewe walitozwa faini kwa sheria ya zamani. Radio 390 ilinyamaza mwishoni mwa Julai.

Jumatatu tarehe 14 Agosti vituo vilivyobaki vilijifunga kimoja kimoja. Radio London iliaga saa 9 alasiri, na watangazaji wake waliporudi London kwa treni walipokelewa na umati wa mashabiki katika stesheni ya Liverpool Street. Radio 270 ya pwani ya Yorkshire na Radio Scotland zilifunga kabla ya saa 6 usiku. Radio Caroline ilikataa. Johnnie Walker na Robbie Dale waliendelea kutangaza saa ilipogonga, wakijua kwamba kuanzia dakika ile walikuwa wahalifu nchini mwao. Ofisi ilihamishiwa Amsterdam, na mahitaji yakaletwa kutoka Uholanzi, ambayo ilikuwa haijatunga sheria kama hiyo.

Kisiwa cha Man

Sehemu ya mkasa huu isiyojulikana sana ni mgogoro wa kikatiba. Kisiwa cha Man kiko kati ya Uingereza na Ireland, kipo chini ya mfalme au malkia wa Uingereza, lakini si sehemu ya Ufalme wa Muungano, na kina bunge lake la kale liitwalo Tynwald. Meli ya kaskazini ya Caroline ilitia nanga karibu nacho na kukitangaza bure kwa watalii. Kisiwa kilikuwa pia na kituo chake halali cha biashara, Manx Radio, tangu 1964, na wakazi walitaka kukipa nguvu zaidi, ombi ambalo London ilisita kulikubali.

Tynwald ilipoletewa sheria ya London iliikataa. Serikali ya Wilson ikaipitisha kwa amri ya kifalme, juu ya kichwa cha bunge hilo, na ikaanza kutumika kisiwani mwanzoni mwa Septemba. Kwa serikali lilikuwa jambo dogo la redio. Kwa watu wa Man swali lilikuwa kama bunge lao lilikuwa na maana yoyote, na uchungu huo ulidumu kuliko meli yenyewe.

Wakati huohuo, tarehe 2 Septemba, Roy Bates, aliyewahi kuendesha Radio Essex, alitangaza kwamba ngome ya Roughs, iliyokuwa nje ya maili tatu, ni nchi huru iitwayo Sealand. Hakuna taifa lililoitambua, na redio haikuanzishwa pale.

Jumamosi ya 30 Septemba

Waziri wa Posta, Edward Short, alikuwa ameiagiza BBC kuanzisha idhaa ya muziki wa vijana kwenye mita 247 za mawimbi ya kati. Kazi hiyo alipewa Robin Scott, naye hakuficha alikochota mfano. Watangazaji wengi wa mwanzo walitoka baharini. Vibwagizo viliagizwa kutoka PAMS, kampuni ya Dallas iliyovitengeneza vile vya Radio London.

Saa 11:30 alfajiri Radio 2 ilifungua kwa sauti ya Paul Hollingdale. Saa 1 asubuhi idhaa mbili zikaachana, na Tony Blackburn, kijana wa miaka 24, akaifungua Radio 1. Santuri ya kwanza kamili ilikuwa "Flowers in the Rain" ya kundi la The Move. Wimbo huo una kisa chake. Meneja wa kundi aliusambaza kwa kadi yenye mchoro wa kumdhihaki Waziri Mkuu Wilson. Wilson akashtaki, akashinda, na mirabaha yote ya wimbo ikaelekezwa kwa mashirika ya hisani. Waimbaji walioifungua redio mpya ya taifa hawakupata senti kwa wimbo huo.

Siku ileile Light Programme ikawa Radio 2, Home Service ikawa Radio 4, na masafa ya Third Programme na Music Programme yakawa ya Radio 3, ingawa jina la Third Programme liliendelea kutumika kwa vipindi vya jioni hadi 1970.

Waliotegemea kupata Radio London nyingine walivunjika moyo kwa kiasi. Muda wa sindano ulikuwa palepale, kwa hiyo Radio 1 ilijaza saa zake kwa bendi za studioni, na kwa sehemu kubwa ya siku ilitoa vipindi vilevile vya Radio 2. Haikuwa na masafa yake ya FM. Nyimbo za vijana zilisikika kwenye mawimbi ya kati yenye mikwaruzo, na idhaa hiyo haikupata FM ya taifa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanawake hawakuonekana kabisa katika picha ya mwanzo: Annie Nightingale, mwanamke wa kwanza kuwa mtangazaji wa muziki wa Radio 1, aliingia mwaka 1970. Pamoja na hayo, John Peel alipewa nafasi ya kupiga muziki ambao hakuna mfanyabiashara angeulipia, na aliendelea katika idhaa hiyo hadi alipofariki mwaka 2004.

Redio za miji

Frank Gillard, mkuu wa redio katika BBC, alikuwa ameona Marekani vituo vidogo vya mji na alivitaka kwa miaka mingi. Waraka wa Desemba 1966 ulimruhusu kufanya majaribio. Radio Leicester ilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1967, ikifuatwa na Sheffield tarehe 15 na Merseyside tarehe 22. Nottingham, Brighton, Stoke, Leeds na Durham zilifuata mwaka 1968.

Serikali haikutaka kuongeza ada ya leseni, kwa hiyo halmashauri za miji ziliombwa kuchangia gharama. Hapo pakazuka wasiwasi wa haki: kituo kinacholipwa na halmashauri kitaikosoaje halmashauri? Tatizo jingine lilikuwa la vifaa. Vituo hivyo vilitangaza kwa FM tu, wakati ambapo redio nyingi za nyumbani hazikuwa na FM, na watu wengi wa Leicester hawakuweza kuisikia redio ya mji wao. Hata hivyo majaribio yalikubalika, na mpango wa fedha za halmashauri ukaachwa.

Baada ya 1967

Caroline ilidumu miezi sita na nusu chini ya sheria mpya. Machi 1968 kampuni ya Uholanzi iliyozihudumia meli, ikidai malipo yaliyochelewa, ilizivuta zote mbili hadi Amsterdam. Kilichoinyamazisha kilikuwa deni, si polisi. Johnnie Walker alirudi nyumbani na mwaka 1969 akaajiriwa na Radio 1.

Chama cha Conservative kiliahidi redio za biashara, kikashinda uchaguzi wa 1970, na sheria ya 1972 ikaruhusu vituo vya binafsi kwenye nchi kavu. LBC na Capital Radio zilianza London Oktoba 1973, na upweke wa BBC katika redio ukaisha. Leseni ya redio ilikuwa imefutwa mwaka 1971. Mkataba wa muda wa sindano ulidumu kuliko wengi walivyotarajia na uliondolewa mwaka 1988.

Caroline yenyewe ilirudi baharini mwaka 1972 na mara nyingine baadaye. Mwaka 2017, miaka 50 baada ya sheria iliyotungwa kuimaliza, ilipewa leseni halali ya mawimbi ya kati kwenye kilohezi 648, masafa ambayo hapo awali yalibeba matangazo ya dunia ya BBC.